Kwa Nini Nilifuta Ile Video ya Frimasoni

Wasee, leo nina kitu cha kukiri.

Mwaka jana nilisimama nje ya Freemasons' Hall, pale Nyerere Road, nikarekodi video ya dakika moja: "Hapa ndipo pesa za Nairobi hutoka." Ndani sijawahi kuingia. Sikuwa nimesoma chochote. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, landlodi ananitafuta, na nilijua jambo moja tu: Mkenya akiona neno Frimasoni, lazima abonyeze. Hii ni nchi ambayo mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada ya shetani.

Video ikavuma. Kwa komenti wakajaa matapeli: jiunge leo, utajirike, tuma ada ya usajili. Niliwaona nikawaacha, kwa sababu komenti nyingi husukuma video. Kisha kijana mmoja akaniandikia inbox. Alikuwa ametuma 4,500, pesa za mamake za mbegu, na sasa ile nambari haishiki. Hakuwa ananilaumu. Aliniomba nimsaidie kuwapata "wale wa ukweli".

Hapo ndo nikaanza kusoma, angalau nipate jibu la kumpa.

Nikakutana na Prince Hall, mtu mweusi wa Boston, Marekani. Mwaka 1775 yeye na weusi wengine 14 walipokewa na loji ya wanajeshi Waingereza. Wale wanajeshi walipoondoka waliwaachia ruhusa ya mambo machache: kukutana, kuandamana siku ya Mtakatifu Yohana, na kuzika wafu wao. Soma hapo tena. Kuzika wafu wao. Mwaka 1784 London ikawapa hati ya loji yao wenyewe, African Lodge.

Na walifanya nini nayo? Mwaka 1787 Hall alipeleka ombi kwa bunge la Massachusetts: weusi wanalipa kodi, mbona watoto wao hawafaidiki na shule za umma? Hawakupewa. Mwaka 1788 weusi watatu walitekwa nyara Boston, wakasafirishwa Karibiani kuuzwa. Hall na wenzake wa loji wakaandika ombi lingine. Mwezi uliofuata sheria ikapita kupiga marufuku biashara ya watumwa jimboni, na wale watatu wakarudi nyumbani mwaka uo huo.

Sisemi kila loji duniani iko hivyo. Nasema tu kwamba nilitafuta pesa za miujiza nikapata kitu kama chama cha mamangu: watu wanachanga, wanazikana, wanapigania watoto waingie darasani. Mimi niliyetoka darasani kwa kukosa karo ndiye niliyegeuza jina hilo kuwa chambo.

Video nimefuta. Yule kijana nitamlipa kwa awamu tatu, ya kwanza nilituma Ijumaa, 1,500. Akajibu: "Asante bro. Lakini niambie ukweli, wewe ulitoboa aje?"

Nikampiga picha daftari langu la madeni, nikamtumia. Bado sijui kama ameamini.