Jua la Saa Nne

Wengi hudhani rangi za dirisha la kanisa hupakwa. Sivyo. Wekundu na buluu vimo ndani ya kioo chenyewe tangu kiwandani. Ninachopaka mimi ni giza: kioo kilichosagwa kikawa unga, kikachanganywa na oksidi ya chuma, madini yaleyale yaliyotia wekundu michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa. Nakoroga kwa maji na gundi ya mgunga, mti tulionao tele huku kwetu hadi Singida.

Na hapa Dodoma giza hilo ndilo kazi yenyewe. Vitabu nilivyosomea viliandikwa Ulaya, ambako jua huombewa. Dirisha langu la kwanza nililitia kivuli chepesi kama vilivyoelekeza. Ilipofika saa nne asubuhi, mwanga ulipenya wote, uso wa Bikira Maria ukapotea, na waumini wakakaa wamekunja macho. Niliumia sana. Siku hizi naufunika uso mzima kwa rangi, naacha ikauke, kisha naurudisha mwanga kidogo kidogo: shavuni kwa brashi kavu, kwenye kope na nywele kwa mwiba wa mgunga.

Mistari naikoroga kwa siki, ili kivuli cha maji kinachofuata kisiifute. Tanuri nalipandisha hadi nyuzi 650 na ushei. Moto ukipungua, rangi huonekana imeshika, kumbe miaka michache baadaye hupukutika. Njano ina njia yake: ni chumvi ya fedha, hupakwa mgongoni mwa kioo, huchomwa kwa moto mdogo zaidi, nayo huzama ndani ya kioo.

Kupoa ndiko kulikoniliza. Ilikuwa Julai, upepo wetu ule mkavu wa baridi ukivuma, na sikukuu ya parokia imekaribia. Nikafungua tanuri likiwa bado na nyuzi 200. Nilisikia mlio mdogo tu. Ufa ulishuka kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi, na utotoni nilimwona mara nyingi akikataa kugusa chungu mpaka majivu yapoe kabisa.

Uso ule niliuchora upya kwa siku tatu. Uliopasuka nimeuegemeza kwenye dirisha la karakana, upande wa mashariki. Saa nne ikifika nautazama kuona kama kivuli cha shavu kinalihimili jua. Kinalihimili.