Nchi Yenye Njia Moja: Tutembee na Msafiri wa John Bunyan

Mwezi huu hatutasafiri kwa treni wala kwa lori. Tutatembea kwa miguu katika nchi ambayo haiko kwenye karte yoyote ya shule. Hata hivyo watu wengi sana wameipita, wazee na watoto, kwa sababu ni nchi ya kitabu Safari ya Msafiri chake John Bunyan wa Uingereza. Sehemu ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1678, ya pili mwaka 1684. Tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, na karibu 80 kati yake ni lugha za Afrika. Majina ya watu na ya mahali ninayatoa kwa namna yangu. Wenye kitabu nyumbani wasishangae wakikuta mengine.

Kwanza tumjue mwenye kuchora nchi hiyo. Bunyan hakuwa mtu wa masomo makubwa. Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji Elstow, karibu na mji Bedford, akafanya kazi ya baba yake: kuzunguka nyumba kwa nyumba na kutengeneza masufuria na vyombo vyenye kutoboka. Tunaweza kusema alikuwa mtu wa madini kama sisi, ila yeye alisimama upande wa mwisho, pale mawe yanapokuwa sufuria ya mama. Mwaka 1660 wakubwa wa serikali walimkamata kwa sababu alihubiri bila ruhusa. Akakaa gerezani miaka 12. Nyumbani aliacha mke na watoto wanne, mmoja wao binti kipofu. Mule gerezani alitengeneza kamba za viatu, zikauzwa ili watoto wapate kula. Wengi wenye kuchunguza maisha yake wanasema mule ndimo alianza kuandika kitabu hiki. Mtu mwenye kufungiwa ndani ya kuta nne, tazama nchi kubwa namna gani ilitoka kichwani mwake!

Udongo wake aliutoa kwao. Kusini ya Bedford ni udongo mzito wa mfinyanzi, wenye kushika maji, na katika nyakati za nyuma watu waliuchimba sana kwa matofali. Juu ya kilima karibu na Ampthill yako mabomoko ya nyumba kubwa, Houghton House, na watu wa pale wanasema ndiyo Nyumba Nzuri ya kitabu. Ukisimama pale siku ya hewa safi unaona kwa mbali vilima vya Chiltern, nao wanasema ndiyo ile Milima ya Kupendeza. Bunyan hakuandika mambo hayo, lakini mtu akitembea miaka mingi na mzigo wa vyombo mgongoni, anajua kilima ni nini.

Basi tuingie njiani. Kutoka Mji wa Uharibifu, kitu cha kwanza ni matope, Tope la Kuvunjika Moyo. Mwenye kusafiri katika barabara zetu wakati wa mvua hana haja ya kuelezwa: lori limezama mpaka mlangoni, watu wamelala pale siku tatu. Bunyan anasema wafanyakazi wa Mfalme wanajaza tope lile tangu miaka 1,600, na limemeza magari 20,000 ya mafundisho mema, na bado ni tope. Yapo mawe ya kukanyaga katikati, lakini hali ya hewa ikibadilika hayaonekani. Nyuma yake kuna mlango mwembamba, kisha njia yenyewe, moja tu, iliyonyooka. Njia za pembeni ni nyingi, na karibu kila moja inaanza vizuri kuliko ile ya kweli: majani laini, kivuli, hakuna kupanda.

Wanyama ni wachache, lakini watoto wanawapenda sana. Karibu na Nyumba Nzuri wako simba wawili kandokando ya njia. Watu wawili waliwaona wakarudi mbio. Kumbe simba wamefungwa minyororo. Tatizo ni kwamba mnyororo hauonekani kwa mbali. Chini katika bonde anakaa Apolioni, mwenye magamba kama samaki, mabawa kama joka, miguu ya dubu na kinywa cha simba. Mimi napenda zaidi wanyama wadogo wa sehemu ya pili, pale mama na watoto wake wanapopita njia ileile ya baba. Mule muko buibui kwenye ukuta wa chumba kizuri kuliko vyote, na kuku mwenye kuita vifaranga vyake kwa sauti nne mbalimbali. Mama mwenye kufuga kuku ataketi na kuhesabu hizo sauti, ataona Bunyan alisikiliza vizuri.

Na watu wa nchi? Kule jina la mtu ndilo tabia yake, hakuna kujificha nyuma ya kitambulisho. Mji mkubwa ni ule wenye Soko la Ubatili. Barabara zake zimegawanywa kwa mataifa: ya Waingereza, ya Wafaransa, ya Waitalia, ya Wahispania, ya Wajerumani. Wanauza nyumba, mashamba, vyeo, feza, zahabu, hata waume na wake, hata damu na roho. Leo angeongeza barabara nyingine, nasi tunazijua. Katika soko hilo Mwaminifu, rafiki wa Mkristo, alihukumiwa na kuchomwa moto kwa sababu hawakutaka kununua. Mkristo akapata mwenzake mpya, Tumaini. Wako vilevile watu wa Mji wa Maneno Matamu, ndugu zake Bwana Nia-ya-Pembeni, wenye kupenda dini wakati inapovaa viatu vya feza na jua linawaka. Mchungaji wa parokia yao anaitwa Bwana Ndimi-Mbili. Nasema hili kwa haya kidogo, juu ya kazi yetu.

Mbele zaidi iko Ngome ya Mashaka, nyumba ya Jitu Kukata-Tamaa na mke wake. Liliwafunga Mkristo na Tumaini tangu Jumatano asubuhi mpaka Jumamosi usiku, bila mkate, bila tone la maji. Walitoka kwa ufunguo uliokuwa siku zote kifuani mwa Mkristo, unaoitwa Ahadi. Kufuli ya mlango wa nje ilikuwa ngumu sana, lakini ilifunguka. Kisha Milima, kisha mto usio na daraja, na ng'ambo yake Mji wa Mfalme, wenye barabara za zahabu.

Lakini kati ya Soko na Ngome niliruka kilima kimoja kwa makusudi, sababu ni kilima chetu. Kinaitwa Kilima cha Faida, na ndani yake kuna shimo la feza. Kisomeni polepole. Wasafiri wengine wa zamani waliacha njia ili waone tu, kwa kuwa ni kitu cha ajabu. Wakakaribia ukingo, udongo ulikuwa wa kudanganya, ukavunjika chini ya miguu yao, wakafa. Wengine walilemaa mpaka mwisho wa maisha. Na chini ya shimo kuna hewa mbaya yenye kuua. Mtu aliyeandika hivi mwaka 1678 hakuona Kolwezi wala Kamituga. Sisi tumeona. Mwezi wa 6 mwaka 2019, karibu na Kolwezi, ukingo ulianguka juu ya wachimbaji wa mkono, zaidi ya 40 wakafa. Mwezi wa 9 mwaka 2020, kule Kamituga, mvua iliingia katika mashimo ya zahabu, wakafa watu karibu 50.

Kuna wahubiri wenye kuchukua kilima hiki kama fimbo ya kupiga wachimbaji. Wanasimama kwenye matanga wanasema: mmeona, tamaa ya feza! Mimi nakataa, na nakataa kwa kitabu chenyewe. Ukingoni mwa shimo amesimama mtu anayeitwa Dema, jina la yule aliyemwacha Paulo (2 Timoteo 4:10). Amevaa vizuri, kama bwana. Kazi yake ni kuita wapita njia. Mkristo anamwuliza: je, mahali hapa si pa hatari? Dema anajibu kwamba hatari si kubwa, isipokuwa kwa wasiojiangalia. Na Bunyan anaongeza kitu kidogo: akisema hivyo, uso wake uligeuka mwekundu kwa haya.

Jibu hilo tunalijua. Kila mara udongo ukianguka, yuko mtu mwenye nguo safi wa kusema wale walikuwa wazembe, waliingia bila ruhusa, hawakuweka miti. Mwenye kununua mawe ya vijana wale, na kupima kwa mizani yake mwenyewe kwenye depo, haanguki kamwe. Pengine hata uso wake haugeuki. Mimi nimezika vijana wa kanisa langu wenye kutoka katika mashimo. Mmoja alikuwa anatafuta malipo ya shule ya wadogo zake. Tukirudia maneno ya Dema mbele ya mama yao, sisi wachungaji tunamsaidia Dema kuita.

Tena Bunyan hakusema feza ni chafu. Mtengeneza sufuria angesemaje hivyo? Mji wa Mfalme wenyewe una zahabu chini ya miguu. Na Tumaini, mtu mwema, alipoitwa alitaka kwenda mara moja: tukaone! Mkristo ndiye alimshika, kwa sababu alikuwa amekwisha kusikia habari za pale na hesabu ya waliokufa. Nia-ya-Pembeni na wenzake walikwenda kwa neno la kwanza. Kama walianguka wakichungulia, ama walishuka kuchimba, ama hewa ya chini iliwaua, mwandishi hajui. Anasema tu hawakuonekana tena njiani.

Hatua chache mbele, kando ya njia, inasimama sanamu ya chumvi yenye umbo la mwanamke. Ni mke wa Lutu. Tumaini aliona maandishi yake, Mkristo akamsomea; ndipo Tumaini akaona haya kwa ile hamu yake, akasema yule mama aligeuka kutazama tu. Wote wawili wakashangaa namna gani Dema na wenzake wanatafuta mali pale, wakati wakiinua macho tu wanaiona ile sanamu. Kutoka hapo njia inafika kwenye mto wa maji safi, wenye miti ya matunda pande zote mbili. Walikunywa, wakala matunda, wakalala katika majani siku kadhaa, wala hakuna aliyewasumbua.