Nyuzi Zinazolifaa Gitaa



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili napenda tutafakari juu ya gitaa. Si gitaa la thamani. Ni gitaa la zamani, la bei ya chini, lililokaa miaka kadhaa juu ya kabati la sakristia katika kigango kimojawapo huku kwetu Uchindile.

Vijana wa kwaya waliomba litengenezwe. Wazee wawili wa Halmashauri ya Walei walipinga, na kila mmoja alikuwa na hoja yake. Wa kwanza alisema kwamba gharama ya vipuri itakaribia bei ya gitaa lenyewe. Wa pili alisema kwamba gitaa ni chombo cha dansi. Katika mkoa huu wa Morogoro, ukitaja gitaa, watu wa rika lake humkumbuka Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, na huyo hakusifika kwa nyimbo za Misa.

Hoja ya pili ina jibu lililoandikwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, namba 120, unakipa heshima ya pekee kinanda cha filimbi. Papo hapo unaruhusu ala nyingine kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa mahali husika, mradi zifae kwa ibada na kuwajenga waamini. Hoja ya kwanza ilihitaji fundi, kwa hiyo gitaa likapelekwa Ifakara.

Daraja linaloshikilia nyuzi lilikuwa limebanduka, ubao wa mbele umevimba, funguo mbili za kukazia zimelika meno, na kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi juu ya daraja kimevunjika. Nilitazamia fundi aandike orodha ya vipuri. Badala yake aliuliza, “Nani alilifunga nyuzi za chuma?”

Akatueleza. Gitaa hili liliundwa kwa nyuzi za nailoni. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa hadi sauti yake, huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40 hivi. Nyuzi za chuma, hata zile nyembamba, huvuta kwa kilo 70 hivi. Gitaa la nyuzi za chuma hutiwa mbavu imara zaidi ndani ya kifua, na kwa kawaida shingo yake hupitishiwa chuma. Hili letu halina hayo. Nyuzi za chuma ni nzuri, na gitaa lilikuwa zima. Lakini lilibebeshwa mvutano ambao halikuumbiwa.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kutafuta vipuri. Nyuzi za nailoni ziliagizwa Kariakoo. Funguo za magitaa ya aina hii huuzwa tatu tatu juu ya bamba moja, kwa hiyo kwanza tulipima nafasi kati ya ufunguo na ufunguo, ambayo mara nyingi ni milimita 35. Pasipo kupima, bamba jipya lingeweza kukataa kuingia katika matundu ya zamani. Daraja lilirudishwa kwa gundi ya mbao, baada ya gundi kuukuu kukwanguliwa yote, likabanwa usiku na mchana. Kile kipande kilichovunjika kilichongwa kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukaisha mafuta, ukakaushwa, ukapigwa msasa. Mfupa huo aliutoa yule mzee wa kwanza, ambaye ana bucha.

Wapendwa, yupo binti mmoja hodari wa kuimba. Kwa sababu ya uhodari wake alipewa kuongoza kwaya, kisha ukatibu wa jumuiya, kisha kukusanya michango, kisha kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Siku moja akaacha kuja kanisani. Watu wakasema amepoa kiimani. Nilipomtembelea nyumbani alisema neno moja tu: kwamba bado anapenda kuimba.

Mtume Paulo, katika sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia, anataja mizigo mara mbili. Katika aya ya 2 anatuagiza tuchukuliane mizigo. Katika aya ya 5 anasema kwamba kila mtu anao wa kwake. Aya hizi mbili hazipingani. Jumuiya yenye upendo huujua mzigo wa kila mmoja, na ule unaozidi huugawa. Jumuiya isiyopima humkazia aliye mwepesi wa kuitikia hadi abanduke, halafu humwita mbovu na kumweka juu ya kabati.

Wapo miongoni mwetu waliobanduka namna hiyo: makatekista, wenyeviti wa jumuiya, akina mama ambao jina lao hutajwa kila inapotafutwa mtu wa kujitolea. Tusiharakishe kutafuta wa kujaza nafasi zao. Tuwaulize kwanza walikuwa wamebeba nini.

Yule binti amekubali kurudi kuimba, kuimba tu. Kazi zake nyingine tatu ziko wazi. Jumamosi hii, katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo, naomba wajitokeze watu watatu, si mmoja.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu