Viatu Vyeupe vya Tarehe 8 Mwezi wa Tatu

Wiki hii tunazungumza juu ya miguu. Mtusamehe tukianza na kosa, kwa sababu tulilifanya sisi wenyewe.

Kwa sikukuu ya wanawake tulitaka kikundi chetu kipendeze. Kikwembe kilikuwa kimoja, mshono mmoja, na tukaongeza sharti: viatu vyeupe vya kufunika, kila mama. Wengi wetu tulivinunua sokoni Kadutu siku moja kabla. Mama Sambaza (ndivyo tunavyomwita, maana ameuza sambaza mtaani miaka mingi) alipata jozi iliyombana. Alisema vitapanuka. Tukamjibu, ndiyo, vitapanuka.

Tulishuka kilima kwa miguu, mvua ikatukuta njiani, tukasimama mstarini saa nyingi, tukapita mbele ya wakubwa tukiimba, kisha tukapanda tena. Wakati wa kurudi, nusu yetu tulishika viatu mkononi. Sisi tulilalamika njia nzima, yeye aliimba tu, na tukamsifu kwamba ni mama mwenye nguvu. Nyumbani alipovua kiatu, kisiginoni palikuwa na lengelenge kubwa. Tulicheka pamoja naye.

Usiku alilitoboa kwa pini ya kitambaa cha kichwa, akabandua ngozi yote, akafungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyizia unga wake. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Kesho yake akabeba beseni akaenda kuuza. Siku tisa hakutuambia kitu, kwa sababu zamu yake ya likelemba ilikaribia na hakutaka tuanze kuwaza kwamba hataweza kulipa. Tulipomtembelea, mguu ulikuwa umevimba mpaka kifundo, na ulinuka.

Kwenye kituo cha afya walimtoboa kidole, wakapima damu, wakakuta sukari. Hakujua kama anayo. Muuguzi alitueleza kwamba sukari ikikaa mwilini muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mtu anaumia bila kusikia uchungu. Tulitazamana. Kumbe ndiyo sababu aliimba.

Pesa yote ya likelemba ilienda kwenye dawa na kufunga kidonda. Mguu ulipona, tunamshukuru Mungu, lakini alikaa bila kuuza karibu miezi miwili, na watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali.

Tangu hapo tumeuliza mengi. Lengelenge linakuja kiatu kinapovuta ngozi ya juu huku mfupa ndani unakwenda upande wake: ngozi zinaachana, maji yanajaa katikati. Ngozi iliyolowa jasho au mvua inachubuka upesi zaidi. Kabla maji hayajaja, pahali hapo panawaka moto, na hapo ndipo pa kusimama. Toka mstarini bila haya, vua kiatu, kausha mguu, bandika sparadra bila mikunjo. Ile ya karatasi, ya bei ndogo, inatosha. Anayejua kisigino chake kinachubuka aibandike kabla ya kuondoka, na abebe soksi za pili kavu. Wengine wetu wanapaka vaselini kati ya vidole, nayo inasaidia kwa muda, halafu inabidi kupaka tena.

Lengelenge dogo lisiloumiza, liache. Lifunike tu, maji yatarudi mwilini yenyewe. Kama ni kubwa na linazuia kutembea, nawa mikono kwa sabuni, osha pahali hapo, safisha sindano kwa alkoli, toboa pembeni, karibu na ukingo, kamua polepole kwa kitambaa safi. Ngozi ya juu usiiondoe, ndiyo bandeji yako ya kwanza. Paka vaselini, funika, badilisha kila siku. Unga wa kapsuli, majivu, dawa ya meno, hapana. Mwenye sukari asitoboe kabisa, aende kituoni. Na yeyote akiona usaha, wekundu unaotambaa, au homa, asingoje siku tisa.

Tuseme pia neno la watoto, maana shule zinafunguliwa mwezi wa tisa. Tunajuana: tunapima mguu wa mtoto kwa kijiti, tunakipeleka sokoni, tunachagua kiatu kikubwa ili kifike mwaka wa pili, tunajaza karatasi mbele. Kiatu kinachoteleza kinachubua sawa na kinachobana. Tukiweza, twende na mtoto mwenyewe, tena mchana, miguu ikiwa imekwisha vimba kidogo kwa kutembea. Kisha avae viatu hivyo nyumbani saa moja, kesho saa mbili, kabla ya siku ya kwanza ya kupanda kilima navyo.

Mama Sambaza amerudi kazini na viatu vya kitambaa, vipana na laini. Kila jioni binti yake anamwangalia nyayo kwa taa ya simu, hata kati ya vidole. Katika kisanduku cha likelemba sasa kuna sabuni, pamba na sparadra mbili.

Kwa mwaka ujao tumependekeza kikwembe kiwe kimoja, na kila mama avae viatu anavyoendea sokoni. Wawili kati yetu wamekataa, wanasema picha itaharibika. Tutaendelea kubishana Jumamosi.