Bibi alidhani tunabomolewa

Msomaji wangu, leo sina stori ya mapenzi. Nina mkasa wa bibi yangu, kwetu Magomeni.

Bibi ana dimensia. Mtaani walisema uzee, wengine wakanong'ona karogwa. Daktari akasema ni maradhi ya ubongo, yanakula kumbukumbu polepole. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye maradhi hayo mwaka 2021, kwa hiyo bibi hayuko peke yake.

Tabu ilikuwa usiku. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili: ukumbi mrefu, vyumba sita, choo uani. Bibi akibanwa anagonga milango ya wapangaji, mwisho anajikojolea, halafu analia kwa aibu. Mama wa watu!

Mimi nikajifanya mjanja. Nikachukua karatasi na kalamu nyekundu: CHOO, JIKO, CHUMBA CHA BIBI, mishale kibao. Nikajiona fundi. Asubuhi nikakuta kazichana zote, nguo kazifunga kwenye shuka, anatetemeka.

"Mume wangu, twende zetu. Wametupigia alama. Tunabomolewa."

Wewe wa Dar unajua rangi nyekundu ukutani maana yake nini. Niliishiwa pozi.

Baadaye nikasoma kwamba kule Scotland, mwaka 2002, watu wenye dimensia waliunda kikundi chao wenyewe ili wasikilizwe. Na mimi niliyelala na bibi ukuta kwa ukuta sikuwahi kumuuliza kitu! Basi nikamuuliza: choo unakijuaje?

Akanishangaa. "Si pale kwenye kanga?"

Kumbe usiku hatafuti mlango, anatafuta kamba ya kuanikia. Miaka yote kanga yake ilining'inia jirani na choo, mpaka mama mdogo alipoihamishia kamba upande wa pili. Hakuna aliyemwambia bibi.

Tukairudisha. Nikatundika kanga nyeusi, akagoma: gizani haionekani. Akachagua nyeupe yenye maua. Usiku ule akafika mwenyewe, ila asubuhi akaichukua akajifunga. Nilipoanza kukuna kichwa, akanicheka:

"Si doti? Moja nivae, moja ikae."

Juzi aliniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamwambia, roho inaniuma. Akasema vizuri, basi nimwambie yule kijana wa kanga kwamba taa ya uani imeungua.