Garissa: Mguu mmoja wa dereva, mzigo wa ukoo mzima

MSOMAJI, iwapo hujawahi kufika Garissa, panda basi alfajiri jijini Nairobi, upite Thika na Mwingi. Ni safari ya kilomita zipatazo 370. Ukishaipa Mwingi kisogo, vilima vinapungua, miti inakuwa mifupi yenye miiba, na joto linakubisha hodi dirishani. Barabara inanyooka mbele kama uzi. Hapo ndipo dereva hushawishika kukanyaga mafuta.

Lakini tazama kando ya barabara. Ngamia hana habari na honi. Huvuka apendapo, na nyuma yake huja kundi zima. Usiku rangi yake hufanana na mchanga. Kwa kuwa miguu yake ni mirefu, gari dogo likimgonga humkata miguu, na mwili wake mzito huangukia kioo na paa, palepale alipoketi dereva.

Utapita Madogo, uvuke daraja la Mto Tana, na mara umeingia mjini. Usikose kufika soko la mifugo, mojawapo ya makubwa katika eneo hili la Afrika, wala usiwapite akina mama wauzao maziwa ya ngamia. Karibu kila kitu utakachoona hapo, tangu mchele hadi mbuzi, kilifika au kitaondoka kwa njia ya barabara. Mnamo Aprili 2024, mafuriko yalipoikata barabara hii karibu na Madogo, basi lilisombwa na maji likiwa na abiria 51. Kwa rehema za Mungu, wote waliokolewa.

Si wote wenye bahati hiyo. Mwaka 2024 pekee, ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,700 nchini Kenya. Shirika la Afya Duniani linasema ajali hugharimu nchi nyingi kiasi cha asilimia 3 ya pato lao.

Takwimu ni kavu, kwa hivyo hebu tuzilete nyumbani. Kwa mila za Wasomali, mtu akiuawa, hata kwa ajali, wazee huweza kuketi chini ya mti kujadili diya. Kipimo cha jadi ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Siku hizi hulipwa pia kwa pesa, na kiasi hujadiliwa. Mwenye kosa halipi peke yake, bali ukoo wake huchangishana. Ajuza aliyeko malishoni, ambaye hajawahi kupanda gari hilo, hutoa mnyama wake kwa sababu ya mguu wa dereva mmoja. Mila hii huzuia kisasi na kuwasaidia mayatima, lakini ulize sokoni bei ya ngamia mmoja, kisha uzidishe.

Bima nayo ina mpaka. Sheria ya Kenya huiwekea kampuni ya bima kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila aliyeumia au kufa, na kesi huchukua muda mrefu.

Na aliyevunjika mgongo je? Akishindikana Garissa, hupelekwa Nairobi kwa barabara ileile. Jamaa wa kumwangalia huacha kazi. Mbuzi huuzwa mmoja mmoja. Binti huondolewa shuleni ili amtunze babake. Hayo hayaandikwi katika taarifa ya polisi.

Watu husema ajali haina kinga. Sikubaliani nao kabisa. Mnamo Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu na mabasi yalitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Hizo ni kinga, mradi zitumiwe.

Basi, msomaji, ukienda Garissa, na uende maana ni mji wa watu wakarimu, funga mkanda. Epuka kusafiri usiku. Dereva akiendesha kama anayekimbizwa, usinyamaze kwa kuona haya, mwambie apunguze. Kufika saa mbili baadaye hakujamgharimu mtu ngamia hata mmoja.