Wimbo wa Bibi Ndani ya Kitabu cha Mtoto



Kina mama wengi siku hizi tunaulizana: tuwaimbie watoto au tuache? Wapo walioacha kabisa kwa kuogopa kuingia kwenye muziki. Wapo waliomkabidhi mtoto simu, imwimbie yenyewe kwa lugha ambayo bibi yake haielewi. Sisi tunaona ipo njia ya tatu: sauti ya mama na kitabu cha picha.

Tuanze na dini. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ala za muziki, na kila nyumba ina sheikh wake wa kumuuliza. Lakini sauti tupu yenye maneno safi ni jambo jengine. Hapa kisiwani tumekulia kwenye kasida za chuoni na dufu la maulidi. Tena katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, kwa kumuuliza habari za kidege chake, nughayr. Umayr, nughayr: maneno yenye vina. Mbora wa viumbe alipata wasaa wa kucheza na maneno pamoja na mtoto mdogo.

Kwetu jambo hili lilitugusa bibi alipofariki. Yeye ndiye aliyetubembeleza sote, na wimbo wake wa baba aliyekwenda kuvua tuliujua tangu utotoni. Tulipotaka kuwaimbia wanetu, kila mmoja wetu alikuwa na kipande tu. Mmoja alikumbuka mwanzo, mwengine jina la samaki, na mama akaongeza ubeti ambao sisi hatukuwahi kuusikia. Tuliandika vyote kwenye daftari, kisha tukatengeneza kitabu.

Kazi yenyewe si ya gharama. Tulikata boksi la biskuti kurasa nane, tukatoboa pembeni na kufunga kwa uzi. Kila ukurasa una mstari mmoja wa wimbo na picha moja: ngalawa, tanga, changu, pweza, mama mwenye kanga anayesubiri pwani. Asiyejua kuchora akate picha kwenye magazeti ya zamani. Kama huna wimbo wa kurithi, tunga wako mwenyewe kuhusu shokishoki, kunawa mikono au kumwamkia babu.

Wakati wa kuimba, pitisha kidole chini ya maneno. Kiswahili kinasaidia sana hapa, kwa sababu silabi zake ziko wazi, na ukiimba polepole mtoto anaisikia kila moja. Ukifika neno la mwisho, nyamaza kidogo umwachie alimalizie yeye. Usiogope kurudia kitabu kile kile kila jioni. Kurudia ndiko kunakomfunza. Baada ya muda atakifungua peke yake, ataimba huku akigeuza kurasa, na utadhani anasoma. Bado hajasoma, lakini ameshajua kwamba yale maandishi yanasema kitu, na kwamba tunayafuata kutoka kushoto kwenda kulia. Akianza juzuu chuoni atakuta Kiarabu kinakwenda upande wa pili, nalo litamfurahisha kuligundua.

Na usijali sauti yako. Mtoto halinganishi sauti ya mama yake na ya mtu yeyote. Anachotaka ni mapaja ya kukalia na uso wa kuutazama, vitu ambavyo simu haina.

Kwa nyinyi mabibi harusi watarajiwa, tuna ombi moja. Katikati ya pilikapilika za hina, singo na nguo za sanduku, tenga alasiri moja ukae na bibi yako au shangazi. Mwambie akuimbie nyimbo alizowabembelezea watoto, uziandike zote, hata zile zinazokuchekesha. Sahani na mapazia utavinunua wakati wowote. Nyimbo zile ziko kifuani mwa mtu mmoja, na umri ni amana ya Mwenyezi Mungu.

Allah awarehemu bibi zetu waliotutangulia, awape watoto njema wanaowasubiri, na azijaalie sauti zetu ziwe sababu ya kheri majumbani mwetu. Amin.